Mcheza Kwao Hutuzwa, na Fundi Mitambo Je?

Mwaka 2023 vyombo vya habari vya dunia viliandika kwamba Taylor Swift, mwimbaji aliyeanzia kwenye muziki wa kantri huko Nashville, amempa kila dereva wa malori ya ziara yake dola 100,000. Watu walimsifu kwa moyo wake, na alistahili. Kwa anayechambua kazi ya jukwaani, hata hivyo, liko jambo la kuuliza: ukarimu wa nyota kwa wenzake unaingia wapi katika onyesho lenyewe? Taarabu ya Unguja imelijibu swali hilo kwa zaidi ya miaka mia. Imeutia ukarimu ndani ya mpangilio wa usiku mzima, na ndiyo maana vikundi vyake vinaishi muda mrefu kuliko nyota wake.

Tuanze na mpangilio. Chukua Nadi Ikhwan Safaa, iliyoasisiwa 1905, au Culture Musical Club ya 1958. Onyesho la namna yao hufunguliwa kwa bashrafu, kipande cha ala tupu. Kanuni, udi, fidla, nai, akordioni na dumbaki hupigwa peke yake, na hakuna mwimbaji wa kuziba masikio ya watu. Msikilizaji anawajua wapigaji kwanza. Kisha mwimbaji mmoja huinuka katika safu ya waitikiaji, huja mbele, huimba wimbo wake, hurudi kitini na kumwitikia atakayemfuata. Aliyekuwa nyota dakika 10 zilizopita sasa anambeba mwenzake. Hakuna hotuba ya shukrani inayoweza kufanya kazi hiyo.

Ndani ya wimbo mambo ni hayo hayo. Beti huwa na mistari mitatu mara nyingi, na kila mstari una vipande viwili. Baada ya beti huja kibwagizo, ambacho ni mali ya waitikiaji, kisha ala huchukua nafasi yake kabla ya beti inayofuata. Mwimbaji amewekewa mahali pa kunyamaza. Hapo sauti yake inapumzika, mpiga fidla anasikika, na watazamaji wanapata wasaa wa kuinuka kwenda kumtuza fedha. Mwimbaji asiyejua kunyamaza huiharibu taarabu hata akiwa na koo la dhahabu.

Mfano wa mwanzo ni mwimbaji Siti binti Saad. Mwaka 1928 alipokwenda Bombay kurekodi santuri, hakuchukua wapigaji wa kukodi huko. Alikwenda na kundi lake, watu kama Mbaruk Talsam, Subeti Ambari, Buda Swedi na Maalim Shaaban. Wenzake hao hawakubaki nyuma ya jina lake. Katika santuri za zama hizo wamo walioimba kwa sauti zao na majina yao. Tazama faida yake kwa fundi wa muziki: mpiga udi ambaye naye huimba anajua mwimbaji anavuta pumzi wapi, na huacha mwanya hapo bila kuambiwa. Siti alifariki 1950, lakini namna ile ya kufanya kazi ilibaki.

Mwimbaji Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliibeba namna hiyo kwa njia yake. Alilelewa na sauti za kina Siti na Buda, na pia alikuwa mwalimu wa unyago aliyepiga msondo akiwa amesimama, ngoma imefungwa kiunoni. Sauti yake ilikuwa kavu yenye mkwaruzo. Haikugombana na fidla wala nai, kwa hiyo okestra nzima iliweza kupiga kwa ukamilifu na yeye bado akasikika. Mwaka 2005 alipata tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki. Hadi alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, waliokuwa karibu naye walisimulia tena na tena kwamba fedha haikukaa mkononi mwake, iligawika kwa watu. Aliyemwona jukwaani hakushangaa, kwani hata pale alikuwa mtu wa kugawa.

Sasa tuje penye kasoro. Mpangilio huu mzuri ulitengenezwa kabla ya mitambo ya kukuza sauti. Leo udi na kanuni, ala za sauti ndogo, zinakaa jukwaa moja na akordioni na ngoma. Kanuni yenye nyuzi zaidi ya 70 inahitaji maikrofoni yake mwenyewe, na udi unahitaji maikrofoni iliyosogezwa karibu. Ukizidisha sauti kidogo, spika zinapiga mluzi. Ndani ya Ngome Kongwe ya mjini Unguja, panapofanyika maonyesho, kuta za mawe huirudisha sauti. Anayeamua kama bashrafu itasikika au itamezwa ni fundi mitambo aliyekaa nyuma ya watu gizani. Yeye ni mwanamuziki wa ziada, lakini hayumo katika safu ya waitikiaji wala katika mikono ya watuzaji.

Kwenye harusi za mtaa wa Amani na mitaa jirani, noti za watuzaji humfikia aliye mbele. Kila kikundi kina utaratibu wake wa kuzigawa. Pale zinapobaki kwa mwimbaji peke yake, matokeo yanasikika masikioni: wapigaji wanapunguzwa, kinanda kinachukua nafasi ya fidla nne, na mwisho mwimbaji anaimba juu ya muziki uliorekodiwa. Ubahili jukwaani una sauti yake.

Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza Februari 2004, limeshikilia sharti kwamba muziki upigwe mubashara. Ni sharti la sanaa, na pia ni sharti la ajira, kwa sababu muziki wa mubashara hauwezekani bila wapigaji, wabeba vyombo, mafundi wa taa na wa sauti. Mwaka 2016, tamasha lilipokosa fedha na kutofanyika, wote hao walipoteza kazi ya msimu.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa kila kikundi cha Unguja. Tuzo zote ziingie mfuko mmoja kabla ya kugawiwa, na fungu la fundi mitambo na wabeba vyombo litajwe mapema, lisisubiri huruma ya nyota. Fundi huyo ahudhurie mazoezi, ajue kila wimbo unapopanda na unapotua. Na mshereheshaji anapowataja wapigaji, alitaje jina la fundi pia. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Fundi mitambo naye anacheza, kwa vidole vyake juu ya mashine, na usiku wote wa taarabu uko mikononi mwake.