Anza na Betri: Kava Lenye Redio kwa Bodaboda wa Nansio

Amplifaya ya pikipiki inayoenea kiganjani huuzwa Mwanza mjini ikiwa imeandikwa wati 500, nyingine wati 1000. Bodaboda wa Nansio anayevuka ziwa kwenda kununua hana muda wa kujaribu. Meli peke yake ni saa tatu hivi kwenda na saa tatu kurudi, na akifika nyumbani akakuta kifaa hakifai, kukirudisha ni siku nyingine nzima ya kazi. Kwa hiyo nachambua hapa kazi moja niliyoishuhudia Ukerewe tangu kupima hadi kufunga: Boxer ya cc 150 iliyowekewa kava la mbele lenye redio na spika mbili. Imefungwa vizuri, na uzuri wake ulitokana na mpangilio wa kazi. Fundi hakugusa kava wala spika kabla ya kujua pikipiki ina umeme kiasi gani wa kutoa.

Alichukua mita akaiweka kwenye vichwa vya betri, injini ikiwa imezimwa: volti 12.6, betri nzima. Akawasha injini, taa kubwa ikiwaka, pikipiki ikiwa sailensa, bila resi: 12.9. Akapandisha resi kidogo: 13.8. Kisha akaunganisha amplifaya ya majaribio na spika mbili, akafungulia muziki kwa sauti ambayo dereva mwenyewe aliitaka. Kwenye resi mshale ulibaki juu ya 13. Kwenye sailensa ukashuka hadi 12.3. Maana yake, dereva akisimama kijiweni injini ikinguruma na muziki ukipiga, sumaku ya injini haitoshelezi. Betri ndiyo inayolipa tofauti. Akifanya hivyo mchana kutwa, jioni selfu haitazungusha, atarudi kwenye kiki. Na kama pikipiki yake ni ya aina ambayo moto wa plagi unategemea betri, hata kiki haitamsaidia.

Ile namba ya wati 1000 sasa tuiangalie kwa hesabu ya darasani. Wati ni volti mara ampea. Amplifaya yenye fyuzi ya ampea 5 kwenye umeme wa volti 12 haiwezi kuendelea kunywa zaidi ya wati 60, kwa sababu fyuzi itakatika. Haiwezekani itoe 1000. Hata bila kuangalia fyuzi, amplifaya isiyo na kifaa cha kupandisha volti ndani yake, ikisukuma spika ya omu 4 kwa volti 13 au 14, hutoa kama wati 20 safi kwa kila spika. Ukizidisha hapo, sauti inapasuka na koili ya spika inaanza kuungua. Kwa hiyo unapoishika dukani, acha maandishi makubwa ya juu, tafuta fyuzi. Uliza pia kama ni ya daraja D. Hiyo hufikisha sehemu kubwa ya umeme kwenye spika, wakati zile za zamani za daraja AB hupoteza karibu nusu kuwa joto, na ndani ya kava lililofungwa chini ya jua la Ukerewe joto halina pa kutokea.

Mnunuzi akitaka sauti kubwa bila kuongeza mzigo kwenye betri, jambo la kwanza ni spika yenyewe. Kwenye boksi la spika nzuri huandikwa desibeli inazotoa kwa wati moja katika umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 92 inayopewa wati 5 inalia sawasawa na spika ya desibeli 86 inayopewa wati 20. Desibeli tatu zaidi ni kama umeongeza wati maradufu, na hazikugharimu hata chembe ya umeme. Umbali nao una hesabu yake: ukisogeza spika kutoka mita moja hadi nusu mita ya sikio, unapata desibeli kama sita. Fundi wetu alizielekeza spika zake za inchi 4 kwenye kifua na uso wa dereva. Dereva alitaka zitazame mbele, barabara nzima isikie. Walibishana kidogo, na mimi nasema fundi alikuwa sahihi: spika inayotazama mbele inapambana na upepo, inamezwa na vumbi la lami iliyochakaa na la changarawe, na dereva mwenyewe inabidi aongeze sauti ndipo asikie.

Sasa kava. Hapa ndipo penye hatari, na ndipo wengi hawafikiri kabisa.

Kava la mbele linaweza kushikwa na usukani au na chasisi. La usukani ni rahisi: boliti nne, nusu saa, kazi imekwisha. Linageuka pamoja na taa. Lakini uzito wote, kava, spika, amplifaya, unaning'inia mbele ya mhimili wa usukani, na kila upepo unaopiga kava unapiga mikono ya dereva. Kava la robo mita ya mraba kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa linasukumwa na upepo kwa nguvu ya kilo nne na zaidi. Kwa kilomita 30 ni kama kilo moja tu, maana mwendo ukiongezeka maradufu nguvu ya upepo huongezeka mara nne. Upepo huo ukitoka ubavuni, kama unavyotoka ziwani alasiri, na nyuma amekaa abiria mwenye gunia lililopunguza uzito kwenye gurudumu la mbele, usukani unaanza kuchezacheza. Harley-Davidson walianza kuuza kava lao maarufu la usukani mwaka 1969, na hadi leo lipo. Ila lile linabebwa na pikipiki ya zaidi ya kilo 300. Mwaka 1980 kampuni hiyohiyo ilileta Tour Glide yenye kava lililofungwa kwenye chasisi, na mwaka huohuo Honda wakatoa Gold Wing Interstate yenye kava la kiwandani na nafasi ya redio. Boxer ni kilo 120 hivi. Haina uzito wa kuvumilia kava kwenye usukani.

Fundi alichagua chasisi. Alitumia boliti za bampa la chuma linalolinda injini, akapandisha mabomba mawili membamba, moja kila upande, akayafunga kwa juu. Taa kubwa aliiacha palepale ilipokuwa, kwenye shokapu za mbele, ili iendelee kugeuka na usukani. Njia ya usiku kati ya Rugezi na Nansio inataka mwanga unaofuata kona. Tatizo likawa moja: taa inayogeuka ndani ya kava lisilogeuka inahitaji nafasi. Kabla ya kukata fibaglasi alikata boksi la karatasi ngumu, akalishikiza mahali pa kava, akageuza usukani hadi mwisho kushoto, akachora kwa chaki pale taa ilipogusa, akageuza hadi mwisho kulia, akachora tena. Kisha akaongeza upana wa vidole viwili pande zote. Waya wa klachi na wa breki akauangalia kwa namna hiyohiyo. Hatua hii ya chaki ndiyo inayotenganisha kava linalofaa na kava linalobana usukani katikati ya kona.

Kioo cha juu alikikata kiishie chini ya kidevu cha dereva. Kikiwa kirefu zaidi, dereva anatazama barabara kupitia plastiki, na ukungu wa asubuhi au wale wadudu wa ziwani wanaojaa jioni wakiifunika, plastiki hiyo haionyeshi tena.

Kazi ya waya nitaipitia haraka. Waya mnene umetoka betri moja kwa moja, fyuzi ikiwa karibu kabisa na kichwa cha chanya, na rilei inayowashwa na swichi ya funguo, ili redio izime pikipiki inapozimwa. Hasi nayo imerudi betri, haikufungwa kwenye chasisi. Hivyo mlio wa plagi hauingii kwenye muziki. Kila spika ina kopo lake la plastiki lililozibwa nyuma, kwa sababu spika iliyo wazi nyuma hupoteza besi. Uso wa spika ni wa plastiki na mpira. Wa karatasi hautavuka masika moja. Mahali waya unapoingia kwenye kava, fundi aliuacha uning'inie kidogo chini ya tundu, maji ya mvua yadondoke kabla ya kuingia.

Redio yenyewe ni ya kawaida, ina tundu la flashi na Bluetooth. Hapo sina la kuongeza.

La kelele lina uzito wake. Wataalamu wa afya kazini huweka desibeli 85 kwa saa nane kuwa mpaka wa usalama wa masikio, na kila desibeli tatu zikiongezeka muda huo hupungua kwa nusu. Desibeli 94 ni saa moja tu. Bodaboda hukaa juu ya pikipiki kutwa. Tanzania pia ina kanuni za viwango vya kelele za mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kwa hiyo anayefungulia hadi mwisho hawezi kusema ni hiari yake. Na dereva asiyesikia honi ya lori nyuma yake anahatarisha watu wawili.

Kwa Nansio, basi, hukumu yangu ni kava dogo la chasisi, amplifaya ya daraja D yenye fyuzi ndogo, na spika mbili zenye desibeli nyingi zinazomtazama dereva. Madereva, zimeni redio mnapopita hospitali ya wilaya, shule na penye msiba. Na abiria akiomba upunguze, punguza.