Sikuwatuma Wampige

Anayepita nje ya kibanda chetu cha gemu husikia kelele tu. Piga! Yuko nyuma yako! Maliza huyo! Siku moja dada mmoja wa shirika alisimama mlangoni, akasikiliza, kisha akaniambia kwa upole kwamba watoto waliokimbia vita hawafai kuchezeshwa vita. Nilimjibu haraka: "Ni gemu tu, dada." Hilo ni jibu ambalo kila mcheza gemu analo mfukoni. Naandika haya kwa sababu jibu hilo halinitoshi tena. Lakini hata jibu lake, la kuondoa gemu zote za vita, halinitoshi.

Nijieleze kidogo. Nina miaka ishirini na kitu, ni Mkongomani wa Kivu Kusini, kidato cha nne nilimalizia hapa Kakuma, na kazi yangu ni ya vijana. Jioni nasimamia chumba chenye PS3 mbili za mtumba, televisheni mbili, na umeme wa jua ukikubali. Wengi wanakuja kucheza mpira. Lakini kwenye boksi la diski tulizopewa kulikuwa na moja inaitwa Spec Ops: The Line, na hiyo ndiyo nataka kuizungumzia. Nitaharibu utamu wake kidogo, mnisamehe.

Gemu hii ilitoka mwaka 2012, ikatengenezwa na kampuni ya Yager ya Berlin, Ujerumani. Ukiiangalia juu juu ni ya kupiga risasi kama nyingine zote. Dubai imefunikwa na dhoruba za mchanga, maghorofa yamezama. Mtu wa Kakuma hahitaji kuelezwa mchanga. Kanali mmoja wa Marekani, John Konrad, alibaki mjini na batalioni yake ya 33 kusaidia kuhamisha raia, na hawakutoka. Sasa anatumwa Kapteni Martin Walker na watu wake wawili, Luteni Adams na Sajini Lugo. Kazi yao ni ndogo kabisa: waone kama kuna watu hai, wapige redio, waondoke. Walker anapata dalili za watu hai mapema sana. Hapo kazi ilikuwa imekwisha. Lakini yeye anaendelea mbele, kwa sababu anataka kuokoa watu, na kwa sababu anamheshimu sana Konrad.

Wewe unayeshika padi ndiye Walker. Na wewe ni kiongozi, si mpiga risasi tu. Ukibonyeza kitufe ukamwonyesha adui, Adams au Lugo atampiga. Yaani unanyoosha kidole na mtu anakufa, mkono wako safi. Mwanzoni sauti ya Walker ni ya mwanajeshi aliyefundishwa, anatoa amri fupi na tulivu. Kadiri mnavyoendelea amri zinageuka matusi na makelele. Hakuna anayekwambia kwamba kiongozi ameanza kuoza. Unasikia mwenyewe, ukiwa na masikio. Kwangu hapo ndipo watengenezaji walipofanya kazi nzuri kuliko mahali pengine pote.

Halafu inakuja sehemu ambayo wacheza gemu wote wanaijua. Walker na wenzake wanakuta kambi ya askari wengi mbele yao. Pembeni kuna mota yenye fosforasi nyeupe, kitu kinachounguza mwili hadi ndani. Lugo anapinga. Walker anasema hakuna njia nyingine. Unaangalia kwenye skrini ndogo, picha kutoka juu, na watu ni vidoto vyeupe tu. Unapiga, vidoto vinazimika. Mwishoni unakuta kundi kubwa la vidoto limebanana mahali pamoja, unapiga pia. Moshi ukiisha unashuka kutembea kati ya waliobaki, na unagundua wale wa mwisho walikuwa raia, mama na watoto, waliokuwa wamehifadhiwa pale na askari haohao uliowachoma.

Siku ya kwanza tulipoiona chumba kilinyamaza. Kijana mmoja aliweka padi chini akatoka nje.

Baadaye gemu inaanza kukusuta. Wakati inapakia, maandishi yanakuuliza kama bado unajiona shujaa. Wahakiki wengi waliisifu kwa hilo. Mimi hapo nagoma. Nilirudia sehemu ile mara tatu nikijaribu kupita kwa bunduki tu. Haiwezekani. Maadui hawaishi, unakufa, unarudishwa palepale mpaka ushike mota. Sasa unanilaumu kwa nini? Mtu hawezi kufunga milango yote isipokuwa mmoja, kisha akaniuliza kwa nini nimepita huo. Wapo wanaosema mchezaji angeweza kuzima gemu na kwenda zake. Hilo ni jibu la mtu aliyekaa mbali na vita. Huku kwetu tunajua kwamba aliye ndani ya vita hana kitufe cha kuzima.

Lakini gemu hiihii, mbele kidogo, inafanya jambo lilelile kwa haki. Lugo anakamatwa na umati wa raia wenye hasira, wanamnyonga. Adams anataka kufyatua. Watu wanakuzunguka, wanarusha mawe. Skrini haikupi orodha ya kuchagua. Vijana wetu karibu wote walimimina risasi kwenye umati. Msichana mmoja, ambaye huwa anakuja kucheza mpira tu, alichukua padi akapiga risasi hewani. Umati ukakimbia, na hakuna aliyekufa. Chumba kizima: "Kumbe inawezekana?" Ndiyo, ilikuwa inawezekana muda wote. Wewe hukuuliza. Hapo lawama ni yako kweli, kwa sababu mlango mwingine ulikuwa wazi na wewe ndiye hukuutafuta.

Na mwisho wake ndio huu. Njiani Walker anasikia sauti ya Konrad redioni, na kila baya lililotokea analiweka kwenye shingo ya Konrad. Akimfikia anakuta maiti ya zamani. Konrad alikuwa amekufa kabla ya yote. Ile sauti Walker aliitengeneza kichwani, ili awepo mtu mwingine wa kubeba.

Nilipofika hapo nilimkumbuka mtu mmoja. Mwaka tulioondoka nyumbani, wenye silaha walipita kijijini kwetu usiku, wa upande gani sisemi. Walimpiga jirani yetu, wakachukua mbuzi wawili na baiskeli ya Papa. Kesho yake mkubwa wao alikuja mchana, na Papa akajipa moyo akamuuliza. Yule mtu alikaa kwenye kiti chetu, akaomba maji, akanywa, akasema: "Mzee, hao ni watoto watukutu tu. Mimi sikuwatuma." Aliongea kwa adabu. Kisha akaondoka na walinzi wake, na mlinzi mmoja alikuwa anasukuma baiskeli ya Papa.

Nimeibeba hadithi hiyo miaka yote kama hadithi ya mtu mwingine mbaya. Sasa niseme yangu.

Jumamosi moja tulikuwa na mashindano. Watoto wadogo walijaa mlangoni, hewa haipiti, mimi nahangaika na waya wa televisheni. Nikawaambia vijana wakubwa wawili: "Hebu toeni hao wadogo hapa." Nikarudi kwenye waya wangu. Nilisikia vibao. Nilisikia mtoto analia. Hili ndilo nataka liandikwe wazi: nilisikia, na sikugeuka, kwa sababu mlango ulikuwa unafunguka na mechi ilikuwa inaanza. Mtoto wa miaka tisa alisukumwa akaangukia ukingo wa bati, mkono ukachanika. Alishonwa.

Jioni mama yake akaja. Nilisimama, nikaongea kwa adabu, nikasema: "Pole sana Mama, lakini mimi sikuwatuma wampige."

Mama akaniangalia. "Uliwatuma wafanye nini?"

Sikuwa na jibu. Na palepale nilimwona yule mtu wa baiskeli, kwenye kiti chetu, anakunywa maji.

Baada ya hapo nilitafuta sheria inasema nini juu ya kiongozi wa aina hii. Mimi si mwanasheria, nasema kwa lugha ya kibandani. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ina Mkataba wa Roma. Kifungu cha 28 kinasema kamanda anaweza kuwajibika kwa uhalifu wa askari walio chini yake hata kama hakuuamuru, ikiwa alijua, au kwa hali ilivyokuwa alipaswa kujua, na hakuchukua hatua zilizokuwa katika uwezo wake kuwazuia au kuwafikisha kwa wenye kuchunguza. Kifungu cha 33 kinamgeukia askari: kwa kawaida kusema "nilitumwa" hakumwokoi, na amri ya kufanya mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu inahesabiwa kuwa haramu waziwazi. Kwa hiyo si kama mzigo ni mmoja, ukimwangukia mkubwa mdogo anapona. Kila mmoja ana wake.

Wakongomani tunajua kwamba kupima mzigo huo si kazi rahisi. Jean-Pierre Bemba alihukumiwa mwaka 2016 kama kamanda, kwa mauaji, ubakaji na uporaji uliofanywa na wapiganaji wake wa MLC huko Jamhuri ya Afrika ya Kati mwaka 2002 na 2003. Akapewa miaka 18. Mwaka 2018 majaji wa rufaa, watatu dhidi ya wawili, walimwachia huru. Moja ya mambo waliyobishania ni hili hasa: mkubwa aliye mbali, nchi nyingine, angeweza kufanya nini, na je, alichofanya kilitosha? Hapa kambini watu bado wanagombana juu ya kesi hiyo. Jina lake silileti ili nimhukumu. Nalileta kwa sababu swali ni lilelile la kibanda changu, tena mimi sikuwa hata nchi nyingine. Nilikuwa hatua nne kutoka mlangoni.

Nina lawama moja zaidi kwa gemu hii, na ni kubwa kwangu. Hadithi yake inatokana na kitabu cha Joseph Conrad, Heart of Darkness, cha mwaka 1899, ndiyo maana kanali anaitwa Konrad. Conrad mwenyewe alisafiri kwenye mto Kongo mwaka 1890, na safari hiyo ndiyo ilimpa kitabu. Kwa hiyo mzizi wake uko kwetu. Lakini kwenye kitabu Wakongomani karibu hawasemi kitu, na kwenye gemu watu wa Dubai karibu hawana majina. Wanachomwa, wanalia, wanakimbia, na sisi tunabaki tunaangalia uso wa Walker tuone ameumia kiasi gani. Uchungu wa kamanda unajaza skrini nzima. Aliyechomewa mtoto hapewi nafasi ya kuuliza.

Mama wa yule mtoto aliuliza. Swali lake la maneno matatu lilinifanyia kazi kuliko gemu nzima. Ndiyo maana nasema Spec Ops: The Line ni gemu nzuri ambayo haikumaliza kazi yake. Inajua kumwonyesha kiongozi anavyojidanganya, lakini haijui kumsikiliza aliyeumizwa.

Sasa, dada wa shirika, nakujibu upya. Ulikuwa na haki kwa jambo moja: Ulaya gemu hii iliwekewa alama ya miaka 18, alama hiyo iko kwenye kasha, na mimi niliiwasha mbele ya watoto wa miaka kumi. Hiyo pia siwezi kusema sikujua. Diski sasa iko kabatini, na wadogo hawaingii inapochezwa. Lakini sijaitupa. Kwa wakubwa tunaicheza mara moja kwa wiki, tunasimama kwenye mota, tunasimama kwenye umati, na kila mmoja anasema angefanya nini. Wale vijana wawili wanakuja. Tulikwenda watatu kwa yule mama, nikaongea mimi kwanza. Nilimwambia: "Niliwatuma wawatoe watoto, nikasikia mtoto analia, nikanyamaza." Wao wakasema yao. Mama hakutupongeza. Alituambia tukae, akamwita mwanawe aje atuonyeshe mkono.

Sheria mpya imeandikwa ukutani kibandani kwa kalamu nyekundu. Anayemtuma mtu aende naye. Vijana wanacheka wanaposoma, kwa sababu siku hizi hata nikitaka maji ya kunywa lazima ninyanyuke mwenyewe.