Kabla ya Gurudumu

Kijana wa Ubaruku akikuambia anataka kujifunza kufinyanga kauri kwa gurudumu, usimcheke. Mpandishe gari hadi Uyole, ashike njia ya Tukuyu kuelekea Ziwa Nyasa, apite Ipinda mpaka Matema. Kauri hataikuta huko, wala gurudumu. Atakuta walimu.

Kauri yenyewe anaijua tangu utotoni. Ubaruku, wilayani Mbarali mkoani Mbeya, ni mji wa mpunga, na nyumba ya mkulima aliyeuza vizuri hujulikana kwa kabati la vyombo sebuleni: sahani nyeupe zenye ua la bluu ukingoni, zinazotolewa mgeni akija na kurudishwa zimefutwa kwa kitambaa. Ipindue moja, mara nyingi nyuma imeandikwa China. Hata mashamba yanayozijaza yana mkono wa Kichina. Shamba kubwa la mpunga la Mbarali lilianzishwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China, wakati uleule reli ya TAZARA ilipokuwa ikitandikwa kupita Rujewa na Chimala. Wataalamu wale walituachia mifereji. Ufundi wa bakuli walilolia wali haukuwamo kwenye mkataba.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Kwa karne nyingi majahazi yalileta kauri ya China pwani yetu. Vigae vyake vimetapakaa Kilwa Kisiwani; Gede, karibu na Malindi, wachimbuaji wa mambo ya kale wamevifukua; Kunduchi na Kaole watu walipachika mabakuli kwenye nguzo za makaburi ya wakubwa wao, na leo ukienda unaona mashimo ya duara yaliyobaki baada ya mikono mingine kuyabandua. Tumekula ndani ya kauri, tumezikana nayo, na hatukuifinyanga.

Tusijilaumu sana. Ulaya nayo iliinunua muda mrefu bila kujua inapikwaje. Augustus, mtawala wa Saxony, alimweka kizuizini Johann Friedrich Böttger, kijana aliyejinadi kuwa anaweza kutengeneza dhahabu; dhahabu haikupatikana, lakini mwaka 1708 kauri ilipatikana, na mwaka 1710 kiwanda cha Meissen kikafunguliwa. Siri ikisemwa ni fupi: udongo mweupe wa kaolini, felspa na kwatzi, vikasagwa, vikachanganywa, vikachomwa kwenye joto la karibu nyuzi 1,300 au zaidi, mpaka felspa iyeyuke iwe kioo na kuvishika vingine vyote. Bakuli jembamba likitoka salama, ukiliinua juani unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili.

Kazi iko mikononi. Kaolini haina unato wa udongo wa mtoni. Ukiivuta kwa pupa inachanika, ukiizidishia maji inalegea na kukaa chini. Kabla ya chochote, bonge linatakiwa liwe katikati ya sahani ya gurudumu, katikati hasa. Mwanafunzi anabana viwiko mapajani. Kiganja kimoja kinasukuma ubavuni, kingine kinakandamiza juu, gurudumu linakwenda, na bonge linampiga mikono, kila mzunguko pigo moja, mahali palepale. Kisha ghafla mapigo yanakoma. Bonge bado linazunguka ila jicho linaliona limesimama. Hapo ndipo dole gumba linapoingia kufungua shimo, na ukuta unaanza kupandishwa kati ya vidole vya ndani na vya nje. Kauri ina kisirani kingine tena: haisahau. Bakuli lililopinda kidogo gurudumuni, ukalinyoosha kwa vidole ukadhani yamekwisha, tanuri litalipinda upya.

Mapigo yale huwezi kuyaelewa kwa kuelezwa. Mwalimu mzoefu huja nyuma yako, akaweka viganja vyake juu ya vyako, akasukuma kidogo, na mikono yako ikajua kiasi ambacho masikio yalishindwa kukishika. Halafu anaviondoa bila kukuaga, na wewe unaendelea. Watu ishirini hawafundishwi hivyo kwa saa moja. Ndiyo sababu darasa la gurudumu linalostahili jina hilo huwa dogo, na ndiyo sababu huko mijini ada yake huwa kubwa kuliko bei ya udongo na umeme ukivijumlisha. Unachokilipia ni viganja vya mtu.

Viganja hivyo kusini tunavyo, tena bila ada. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kijiji kilichobanwa kati ya Milima ya Livingstone na maji ya Ziwa Nyasa, wana sifa ya ufinyanzi inayofika mbali. Vyungu vyao husafirishwa kwa mitumbwi hadi Lyulilo, jirani na Matema, kwenye gulio la Jumamosi, na kutoka hapo hupanda kwenda Kyela, Tukuyu na Mbeya mjini. Fika mapema, kabla wachuuzi hawajachagua. Chukua kimoja ukigonge ubavuni kwa kifundo cha kidole: chungu kizima kinaita, chenye ufa kinakohoa. Kisha pitisha kidole ndani ya mdomo wake, taratibu, uzunguke mpaka ulipoanzia. Unene ni uleule njia nzima. Hakuna mashine iliyoupima. Ni mkono uliofundishwa na mkono.

Binti anayelelewa na wafinyanzi haandikishwi popote. Anaanzia kazi za pembeni: kubeba udongo, kuuponda, kutoa vijiwe na mizizi, kuukanda mpaka usiwe na hewa ndani. Anapewa bonge lake acheze nalo kando ya mama au bibi, na kile anachokifinyanga huvunjwa na kurudishwa kwenye rundo bila mtu kukizungumzia. Siku moja bibi anakitazama kijungu chake, anakizungusha mara moja, anakiweka juani pamoja na vya wakubwa. Hakuna cheti kinachozidi hicho, na sijui chuo gani kingekitoa kwa uaminifu zaidi.

Kuna methali inayosema mfinyanzi hulia gaeni, na watu huitumia kumwonea huruma: anatengeneza vyungu vya wenzake, yeye anakula kwenye kipande. Nadhani aliyeitunga hakukaa sana na wafinyanzi. Kwa wengi wao katika Afrika Mashariki gae ni mali. Bonge huwekwa juu ya gae la mviringo, likazungushwa kidogo kidogo kwa mkono huku mkono wa pili ukivuta ukuta. Gurudumu ndilo hilo, limekosa kasi tu. Gae lililosagwa huchanganywa kwenye udongo mbichi ili chungu kisipasuke motoni. Lenye ncha hukwangua tumbo la chungu kilichoanza kukauka. Makubwa hufunika rundo siku ya kuchoma, ili moto usikimbie na upepo. Mtu mwenye magae ya kutosha haonewi huruma.

Kwamba gurudumu linaweza kumkuta fundi akiwa tayari fundi, Nigeria wameliona. Mwingereza Michael Cardew alipoanzisha kituo cha ufinyanzi Abuja mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikwenda na magurudumu na matanuri ya joto kali. Mwaka 1954 akajiunga naye Ladi Kwali, mwanamke aliyekuwa akifinyanga mitungi kwa mkono tangu udogoni, wa kwanza kuingia pale. Alijifunza gurudumu, lakini mitungi iliyompa jina duniani aliendelea kuijenga kwa mkono, kisha akaipaka utando wa kioo na kuichoma kwenye tanuri la kisasa. Leo picha yake iko kwenye noti ya naira 20. Miaka ya 1970 akapita hapohapo Abuja binti wa Nairobi aliyekuwa akisoma sanaa Uingereza, Magdalene Odundo, akaketi na wanawake wafinyanzi wa pale. Vyungu vyake, ambavyo makumbusho makubwa ya dunia yanavyo, havitoki kwenye gurudumu hata leo.

Simwambii kijana wetu aiache kauri. Kila chombo kina kazi yake. Chungu cha Kikisi huchomwa kwa moto wa wazi usiofika nyuzi 1,000, kwa hiyo kuta zake hupitisha unyevu, na unyevu ukikauka nje huondoka na joto. Ndiyo maana joto la Ubaruku linapokaba, maji ya mtungini yanakunywesha vizuri kuliko ya ndoo ya plastiki. Kauri haiwezi hilo. Kwa upande wake haifyonzi mafuta wala harufu ya samaki, na haibadiliki rangi. Ninachomwambia ni mpangilio: kwanza mkono, halafu mashine. Kasi ya gurudumu humkuza anayejua na kumwaibisha asiyejua.

Akishakaa na mabibi wa Ikombe mpaka vyungu vyake viite, malighafi ya kauri haiko mbali kama anavyodhani. Kaolini iko kwenye vilima vya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, ambako machimbo ya zamani sasa ni makazi ya popo. Na iko Malangali, Mufindi, mkoa wa jirani wa Iringa. Tanuri ndilo litakalomtoa jasho. Linataka matofali yanayohimili moto mkali, na gesi, umeme au kuni kavu nyingi mno kwa mfuko wa mtu mmoja. Hapo atafute wenzake wachange.

Kitu kimoja anacho mlangoni. Mpunga ukikobolewa, karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake ni pumba, na Ubaruku pumba zimelundikana nyuma ya mashine. Nyingine huchomewa matofali, nyingine huungua bure. Majivu yake kwa sehemu kubwa sana ni silika, ileile iliyomo kwenye kwatzi, na wafinyanzi wa Japani huyachanganya na felspa na majivu ya kuni wakapata utando mweupe wa maziwa wa kufunikia bakuli. Mwenye mashine hatamdai senti. Atamuuliza tu kama ana gari la kubebea.