Mazoezi Bila Kuangushana: Mbinu ya John Gagliardi

John Gagliardi alifundisha futiboli ya Kimarekani vyuoni kwa misimu 64, kuanzia 1949 hadi 2012. Alishinda mechi 489, akapoteza 138 na kutoka sare 11. Hakuna kocha wa vyuo aliyemfikia kwa ushindi. Misimu minne ya kwanza alikuwa Carroll College, Montana. Iliyobaki yote Saint John's University, chuo kidogo cha Kikatoliki huko Collegeville, Minnesota.

Mbinu yake ilianza mapema. Mwaka 1943 kocha wa shule yake ya sekondari huko Trinidad, Colorado, alichukuliwa jeshini, na Gagliardi, kijana wa miaka 16, akaachiwa timu. Kocha huyo alikuwa akikataza wachezaji kunywa maji mazoezini. Gagliardi alilifuta katazo hilo, na timu ikashinda.

Tangu hapo aliendelea kupunguza masharti na ukali wa mazoezi. Saint John's hapakuwa na filimbi, kunyanyua vyuma kwa lazima, wala mazoezi ya kupita dakika 90. Hakuna aliyetemwa kwa mchujo, na wachezaji walimwita John, si kocha. Kubwa kuliko yote, katika mchezo ambao ulinzi wake ni kumkumba mwenye mpira na kumwangusha, vijana wake hawakuangushana mazoezini.

Hapo ndipo penye ufundi wenyewe, na wengi waliudhania ulegevu. Muda na nguvu zilizookolewa zilitumika kurudia mipango ya mashambulizi hadi kila mmoja aijue. Mlinzi alijifunza kusoma wapinzani walivyojipanga, kukimbilia mahali mpira utakapopita, kisha kusimama alipomfikia mwenzake. Anayewahi mahali sahihi huangusha kwa urahisi. Aliyechelewa, misuli haimfai kitu. Katika ushambuliaji, kwotabeki, yaani anayeupokea mpira mwanzoni na kuugawa, aliruhusiwa kubadili mpango dakika ya mwisho kulingana na alichokiona mbele yake.

Faida nyingine ilikuwa afya. Vyuo vya Daraja la Tatu, kama Saint John's, haviruhusiwi kutoa ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo, hivyo pengo la majeruhi ni gumu kuziba. Timu ya Gagliardi ilifika mwisho wa msimu ikiwa na miguu mizima.

Ilitwaa ubingwa wa taifa wa ngazi yake mwaka 1963, 1965, 1976 na 2003. Huo wa mwisho ndio ushahidi mzito zaidi. Wapinzani, Mount Union, walikuwa wameshinda mechi 55 mfululizo. Saint John's iliwafunga 24 kwa 6. Ulinzi usiowahi kuangushana mazoezini uliwabana hao kwa pointi 6 tu. Wiki sita kabla, Gagliardi alikuwa ameipita rekodi ya ushindi 408 ya Eddie Robinson, kocha wa Grambling State.

Vyuo vikubwa vilichelewa kukubali. Chuo cha Dartmouth kiliacha kuangushana mazoezini mwaka 2010, na mwaka 2016 ligi yake nzima, Ivy League, ikapiga marufuku kugongana kwa nguvu katika mazoezi ya msimu.