Stempu ya China au ya Nyasa? Soma Fedha, Kisha Muhuri

Stempu yenye meli na neno Kiautschou ni ya China kweli. Eneo hilo la pwani ya Shandong, lenye mji wa Tsingtau (Qingdao ya leo), Wajerumani walilikodi mwaka 1898 na kulipoteza kwa Wajapani Novemba 1914. Lakini meli ileile, Hohenzollern ya Kaisari, imo pia kwenye stempu za Deutsch-Ostafrika (Afrika Mashariki ya Kijerumani) zilizobandikwa barua za Songea na Ziwa Nyasa. Berlin ilichora meli moja kwa makoloni yake yote, ikawa inabadili jina na thamani tu. Ziwani kwetu meli hiyo haikufika kamwe. Meli ya Wajerumani huku ilikuwa Hermann von Wissmann, iliyoshambuliwa na Guendolen ya Waingereza pale Sphinxhafen, yaani Liuli, Agosti 1914.

Kwa hiyo mtu wa huku akikuta stempu hizi kwenye sanduku la babu, meli haitamwambia kitu. Asome fedha. Za China zilianza kwa pfennig na mark, kisha mwaka 1905 zikawa za senti na dola. Zetu zilianza kwa pesa na rupia, pesa 64 kwa rupia moja, hadi 1905 zilipoingia heller, 100 kwa rupia. Hapo tayari kuna mtego wa kumnasa mghushi: stempu ya heller yenye muhuri wa 1903 ni ya uongo, hata muhuri wenyewe upendeze vipi.

Hatua inayofuata ni mgongo wa stempu. Ilaze kifudifudi kwenye kisahani cheusi, dondoshea benzini safi ya wakusanyaji (ya pikipiki iache kwenye tangi), utazame kama alama ya maji yenye umbo la almasi inajitokeza. Matoleo ya mwanzo hayana alama hiyo, ya baadaye yanayo. Baadhi ya hizo za baadaye, zilizochapwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ziliuzwa Berlin tu, kwa sababu koloni lilikuwa limezingirwa. Ndiyo maana zikiwa safi huwa rahisi, na zikiwa na muhuri wa huku zinatia shaka papo hapo.

Bei kubwa inatoka kwenye muhuri. Mihuri ya Dar es Salaam na Tanga imejaa sokoni, kwani huko ndiko walikokuwa wafanyabiashara na ofisi. Wiedhafen, Manda ya sasa karibu na mlango wa Ruhuhu, ilikuwa na waandishi wachache wa barua. Stempu ya kawaida kabisa ikigongwa hapo, jina likasomeka lote, hupanda bei mara nyingi zaidi. Bei ya katalogi nayo isikulevye: ni ya stempu yenye meno yote na isiyo na doa. Ikiwa imechanika kona, mnunuzi atakupa sehemu ndogo tu.

Mwaka 1916 vikosi vya Waingereza chini ya Jenerali Northey viliingia kutoka Nyasaland na kufika Songea Septemba. Barua zao zilitumia stempu za Nyasaland zilizoongezwa herufi N.F. Mimi hizi naziogopa kuliko zote, maana stempu tupu ni ya bei ndogo na mghushi anahitaji kuchapa herufi mbili tu. Chukua lenzi, tazama pale herufi zinapokutana na muhuri. Wino wa N.F. ukiwa juu ya wino wa muhuri, herufi ziliongezwa baada ya barua kusafiri.

Na kama stempu bado iko kwenye bahasha, usiibandue wala usiloweke. Geuza bahasha utafute muhuri wa kupokelea: ukiwepo, utakuonyesha barua iliingia posta gani na siku gani, na tarehe hiyo isipopatana na ile ya muhuri ulio juu ya stempu, hakuna haja ya kubishania bei.