Fungate ya Siku 12, Ilivyosomwa Michenzani

Kijitabu chenyewe kina kurasa 24 za karatasi nzito inayong'aa, na hakina jina la mwandishi. Mume wangu alikikuta kwenye droo ya chumba baada ya wageni kuondoka. Akauliza mapokezi kama kuna anayekidai, akaambiwa akitupe. Hakukitupa. Alikileta nyumbani kwa sababu anajua mimi husoma kila kitu, hata karatasi zinazofungiwa karanga. "Mwalimu," akaniambia, "hebu nisahihishie hiki."

Basi nakisahihisha. Wapo watakaosema tangazo la utalii si fasihi, na nisiwabishie sana. Lakini lina wahusika, lina mandhari, lina msuko, na nadhani lina wasomaji wengi kuliko riwaya nyingi tunazozihakiki kwa mbwembwe.

Hadithi yake ni hii. Watu wawili, mke na mume, wanashuka Cape Town. Siku 4 wanatazama bahari na Table Mountain. Siku 3 wanahamia Stellenbosch na Franschhoek, kwenye mashamba ya mizabibu, wanaonja mvinyo. Siku 3 wanapanda gari la wazi ndani ya Kruger wakitafuta simba. Siku 2 za mwisho wanaletwa kwetu Zanzibar, kupumzika. Hawana watoto, hawana mama mkwe, simu zao hazilii. Hakuna anayeumwa tumbo.

Kwa msuko, nisiseme uongo, mwandishi huyu anaijua kazi yake. Kila mahali pamepewa jukumu moja tu katika mapenzi ya wale wawili: mjini wanatazamana, shambani wanalewa, porini wanaogopa pamoja, ufukweni wanalala. Riwaya ngapi za mapenzi tumezisoma ambazo sura zake hazipandi vizuri hivyo? Sentensi zake ni fupi. Na ukurasa wa siku ya 6 hauna kitu ila maneno machache ya kusema kwamba leo hakuna ratiba. Huo ndio ukurasa bora wa kijitabu kizima, na ningewapa wanafunzi wangu wausome.

Taabu ni kwamba ili hao wawili wabaki wawili, kila mtu mwingine inabidi atolewe jukwaani. Mizabibu ya Cape ilipandwa na Waholanzi katika karne ya 17, na kwa zaidi ya miaka 150 waliolima na kukamua walikuwa watumwa, walioletwa kutoka Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia. Hata utumwa ulipofutwa mwaka 1834, vibarua wa mashamba hayo waliendelea kulipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, desturi iliyoacha ulevi kizazi hadi kizazi. Kijitabu kinataja historia ndefu ya mashamba, kisha kinageukia jibini. Kaskazini mwa Kruger watu wa Makuleke walihamishwa kwa nguvu mwaka 1969, na hawakurudishiwa haki ya ardhi yao hadi 1998. Hawamo. Simba yumo mara 11, nimehesabu. Na msije mkadhani ni ya Afrika Kusini tu: ya kwetu ya Serengeti, Wamaasai waliotolewa mwaka 1959, nayo utaitafuta sana kwenye vijitabu vya namna hii.

Zanzibar tumepewa kurasa mbili na picha nne: mlango wenye misumari ya shaba, jahazi, machweo, na kitanda kilichomwagiwa maua. Chini kuna ramani ndogo ya mji. Inaanzia Forodhani na kuishia Darajani. Baada ya hapo karatasi ni nyeupe, na katikati ya weupe huo ndipo ninapoandikia makala haya, ghorofa ya tatu, Michenzani.

Jina Ng'ambo, kwanza, lilitungwa na mtu aliyesimama upande ule mwingine. Mkono wa bahari uliotutenganisha na Mji Mkongwe ulishafukiwa zamani. Pamebaki barabara, soko, na Darajani isiyo na daraja. UNESCO walipouandikisha Mji Mkongwe mwaka 2000, sisi tukabaki nje ya mstari. Mwaka 2019 kilitoka kitabu cha kutuchora, *Ng'ambo Atlas*, chenye mitaa yetu, ramani zetu za zamani na haya majumba yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Nilifurahi kukiona. Lakini hakuna mgeni aliyekisahau kwenye droo ya hoteli.

Kuna neno moja limenikera zaidi ya ramani. Safari za namna hii siku hizi tunaziita fungate, na magazeti yetu yameshakubali. Fungate, jamani, ni saba ya Kiswahili cha kale. Ni zile siku saba baada ya harusi ambazo bibi na bwana harusi hukaa ndani, somo anaingia na kutoka, chakula kinaletwa mlangoni, na mtaa mzima unajua wako wapi. Fungate ilikuwa ni kutosafiri. Ilikuwa pia imejaa watu: bibi, shangazi, somo, watoto wanaochungulia. Tumelichukua neno la kukaa ndani na kuzungukwa na wako, tumelifanya liwe jina la kwenda mbali na kila mtu. Sisemi ya zamani ilikuwa bora. Mimi mwenyewe siku ya nne nilikuwa nahesabu boriti. Nasema tu hizo ni hadithi mbili tofauti, na moja imelikalia jina la mwenzake.

Nani basi ameiandika hadithi hii kutoka upande wa wanaobeba mizigo? Abdulrazak Gurnah amejaribu, katika *Theft*, riwaya yake ya 2025, ya kwanza tangu apate Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Ndani yake Badar, kijana aliyelelewa kama mtumishi, anapata kazi katika hoteli hapa Unguja, na ndoa ya Karim na Fauzia inavunjwa na mapenzi ya mgeni kutoka Uingereza aliyekuja kujitolea. Gurnah amegeuza kamera. Wageni wanapita, wanapendana, wanaharibu, wanaondoka. Anayebaki tukimtazama ni yule wa ndani ya hoteli. Kasoro ninayoiona ni kwamba ningetaka kurasa zaidi za kazi yenyewe: shuka ngapi, sabuni gani, mgongo unauma saa ngapi. Hata hivyo ni kitabu cha kusomwa, na ingekuwa vyema kikipata Kiswahili chake kama *Paradise* ilivyokuwa *Peponi* mwaka 2022 kwa mkono wa Ida Hadjivayanis. Mume wangu angekisoma. Kwa Kiingereza amesikia nikimsimulia tu, na swali lake lilikuwa moja: Badar alikuwa akilipwa kwa mwezi au kwa siku?

Yeye ana miaka 17 akisafisha vyumba, huko kaskazini ufukweni. Mataulo anayakunja umbo la bata maji, mawili yakibusiana. Maua kitandani anaandika kwa herufi kubwa, majina ya maharusi, na amewahi kuandika majina ya Kirusi na ya Kipolandi bila kukosea. Sisi wenyewe hatujawahi kulala kwenye kitanda cha namna hiyo. Nikasema, haya, kitabu huhakikiwa kwa kuishi ndani yake. Tukakusanya akiba ya mwaka na nusu, na mwezi wa Agosti tukatengeneza ya kwetu: mji wa pwani, mizabibu, wanyama. Yaani Mji Mkongwe, Dodoma, Mikumi.

Sura ya kwanza ilituharibikia kaunta.

Mbele yetu kulikuwa na wageni wawili, vijana, wamechomwa na jua. Walipewa madafu na ufunguo. Zamu yetu ilipofika, yule binti wa mapokezi alitutazama, akainamisha macho, akasema kwa sauti ya chini, kwa adabu kabisa: "Samahani mama, cheti cha ndoa mnacho?" Mimi nina watoto watatu na bwana huyu. Mkubwa yuko chuo. Mume wangu hakukasirika, hilo ndilo lililoniuma. Anaujua utaratibu, kwao pia upo kwa wenyeji. Alisema tu, "Nipe dakika ishirini, mwanangu," akatoka.

Nikakaa kwenye kochi na mkoba wangu mapajani, kama niliyekuja kuomba kazi. Wale vijana wakapita wameshikana mikono, wakanisalimia "Jambo". Nami akilini nikawa namfuata mume wangu: anakatisha vichochoro, anavuka barabara pale sokoni, anaingia Mchangani, anapanda ngazi, anafungua sanduku la mbao alilopewa na marehemu mama yake, anarudi na karatasi iliyotiwa plastiki. Nikamkumbuka Yasmin wa *Vuta n'kuvute*, riwaya ya Adam Shafi ya 1999. Aliozwa kwa mzee Raza angali msichana mdogo, akapelekwa Mombasa, akatoroka, na mlango uliomfungukia ukawa wa Mwajuma, huku huku Ng'ambo. Walioiona filamu ya Amil Shivji ya 2021 wanajua jinsi mvuko ule unavyoonekana. Nimekifundisha kitabu hicho miaka mingi, na kila mwaka nilikuwa nawaambia wanafunzi kwamba safari kubwa mle ndani ni ya Mombasa. Nilikosea. Ni hii ya dakika kumi.

Chumba kilikuwa kizuri. Hatukulala sana.

Dodoma nitaipita haraka, ingawa nilifurahi kuliko nilivyotegemea. Boti hadi Dar, kisha treni ya umeme, ambayo tangu 2024 inakufikisha Dodoma bila vumbi. Mizabibu ililetwa huko na wamisionari wa Kiitalia pale Bihawana katika miaka ya 1950, na kule huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Ulaya hawana. Kwetu Unguja zabibu ni zile kavu za kwenye biriani. Sikuwahi kuziona mtini. Miti yenyewe mifupi, ardhi nyekundu, na kina mama wamefunga kanga viunoni wanakata vishada kwa mkasi. Mmoja wao, mwenye shamba lake, alinieleza shida yao yote kwa sentensi moja: zabibu ikiiva haingoji bei. Mnunuzi akichelewa wiki mbili, umelima mwaka mzima ukalishe ndege. Sentensi hiyo ina uzito kuliko kurasa zote za Stellenbosch.

Mvinyo hatunywi, tulionja juisi. Lakini mume wangu alisimama muda mrefu mbele ya rafu ya chupa akizigeuza kusoma karatasi zake. Kwa miaka 17 amepeleka mvinyo vyumbani ndani ya ndoo ya barafu, na Stellenbosch anaijua kwa sura ya herufi zake. Chupa ya Dodoma hajawahi kupeleka hata moja. "Kumbe ipo," alisema, kama mtu aliyeonyeshwa ndugu.

Mikumi ilitangazwa hifadhi mwaka 1964, mwaka ule ule wa Mapinduzi na Muungano, na uzuri wake ni kwamba barabara kuu ya Iringa inapita katikati. Abiria wa basi humwona twiga bure, na vibao kando ya njia vinakutajia faini ya kila mnyama ukimgonga. Sisi tulilipa kiingilio kwa shilingi, wageni kwa dola. Mwongozaji wetu, kijana mcheshi, aliniita mama na mume wangu akamwita mzee, akawa anaegemea kiti kuzungumza nasi mambo ya mishahara na ada za watoto. Simba hatukumwona. Tuliwaona tembo, karibu sana, na ni kweli tuliogopa pamoja. Kwenye hilo kijitabu kilisema kweli. Ila hatukuwa wawili. Tulikuwa watatu ndani ya gari, na wa tatu alikuwa na binti anayeanza kidato cha kwanza.

Asubuhi ya kuondoka niliamka nikamkuta mume wangu ametandika kitanda cha nyumba ya wageni. Shuka limenyooka kama karatasi. Nikamwambia, wee, si umelipia? Akasema atakayekuja kusafisha ana vyumba vingine.

Tuliporudi nilimrudishia kijitabu chake kikiwa na maandishi yangu ya penseli ukingoni, nikamwambia na yeye sasa atoe maoni, maana ndiye mwenye nacho. Alivaa miwani. Mlango wa shaba aliuruka, jahazi aliliruka, machweo aliyaruka. Akasimama kwenye picha ya kitanda chenye maua, akaisogeza karibu na taa.

"Pembe hii ya kushoto haikukunjwa," alisema. "Imefichwa na maua. Huyu siku hiyo alikuwa peke yake ghorofa nzima."