Habari za Mila Zetu Tuzipokee kwa Sanadi

 Ndugu msomaji, leo nakuomba tukae pamoja tuhakiki kitabu. Si kitabu cha dini, wala mwandishi wake hakuwa Mwislamu. Lakini kinazungumza juu ya watu wa kusini yetu, na maneno yake yameanza kuingia majumbani kutoka Mikindani hadi Ziwani, na kutoka Ziwani hadi Msimbati kwenye mdomo wa Ruvuma. Kijana akishindana na bibi yake juu ya jando au unyago, husema: "Imeandikwa kitabuni." Bibi hana kitabu, basi hunyamaza. Yafaa tukijue kitabu chenyewe, nani aliyekiandika, na aliyoyaandika aliyapokea kwa nani.

Mwandishi ni Karl Weule, Mjerumani, aliyezaliwa mwaka 1864 na kufa mwaka 1926, mtu wa makumbusho ya mji wa Leipzig. Mwaka 1906 alitumwa Afrika Mashariki kwa fedha za serikali ya kikoloni ya nchi yake, akusanye vyombo na habari za desturi za wenyeji. Alishuka Lindi, akapanda Masasi, akakaa Chingulungulu kwa Wayao, kisha akaenda Newala na Mahuta katika uwanda wa Makonde. Kabla ya mwaka kwisha alikwisha kurudi pwani. Kitabu chake cha safari kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1908. Mwaka 1909 kikatoka kwa Kiingereza kwa jina la Native Life in East Africa, mfasiri akiwa Bi Alice Werner, ambaye baadaye alikuwa profesa wa Kiswahili mjini London. Hicho cha Kiingereza ndicho wanachokisoma vijana wetu.

Sasa, ndugu msomaji, sisi Waislamu tunayo elimu ambayo wazee wetu waliitumia kupima habari kabla ya kuzipokea, nayo ni elimu ya sanadi. Wanavyuoni wa hadithi hawakuuliza kwanza kama maneno yanapendeza. Waliuliza: nani amesema? Kasikia kwa nani? Je, walikutana? Alikuwa mwadilifu, na hifadhi yake ilikuwa nzima? Imamu Abdullahi bin Mubarak aliihesabu sanadi kuwa ni katika dini. Ikiwa kwa maneno ya Mtume wetu, ambayo roho zetu zinayatamani, tuliuliza maswali hayo, vipi tusiyaulize kwa daftari la msafiri?

Tuitazame basi sanadi ya Weule. Mzee wa Kimakonde au wa Kimakua anasema kwa lugha yake. Mkalimani anayageuza maneno kuwa Kiswahili au Kiyao. Yupo tena Nils Knudsen, mtu wa Norway aliyekuwa amekaa na Wayao na kuijua lugha yao, naye humweleza Weule. Weule anaandika kwa Kijerumani. Bi Werner anafasiri kwa Kiingereza. Kijana wetu anasoma Kiingereza, kisha anamweleza bibi yake kwa Kiswahili au Kimakonde. Hesabu mwenyewe milango mingapi neno limepita kabla ya kurudi kwenye kizingiti lilikotoka. Na yule mzee wa mwanzo, mara nyingi jina lake hulioni. Wanavyuoni wetu humwita mpokezi kama huyo majhuli, yaani asiyejulikana, na habari yake huifanya kuwa dhaifu.

Asidhani mtu kwamba namkataa Weule kwa sababu ya dini yake. Hata Ibn Batuta, mwanachuoni Mwislamu aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kuswali na wenyeji wake, habari zake aliziandikisha kwa Ibn Juzay miaka zaidi ya ishirini baadaye, naye tunapaswa kumsoma kwa mizani ile ile. Uislamu wa msemaji haumwondolei usahaulifu, na ukafiri wa msemaji haumfanyi kila mara kuwa mwongo.

Baada ya sanadi, tutazame hali ya waliosema. Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 huko Umatumbi, na mwaka huo huo misheni ya Masasi ilichomwa moto. Wajerumani waliposhinda walichoma vyakula na vijiji, na njaa ikaingia. Serikali yao wenyewe ilikubali vifo 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria watu 250,000 hadi 300,000. Weule alifika wakati moto huo haujapoa. Alikuja na askari, chini ya serikali ile ile iliyokuwa ikinyonga watu, akawaita wazee wakae mbele yake wajibu maswali juu ya mizimu, ndoa, mazishi na jando.

Jiweke mahali pa mzee yule. Mwaka jana watu wako waliuawa kwa ajili ya dawa ya maji. Leo Mzungu mwenye bunduki nyuma yake anakuuliza: "Niambie dawa zenu na siri zenu." Utamwambia nini? Utamwambia kile kitakachomridhisha aondoke. Katika fikihi yetu, ikirari ya mtu aliyelazimishwa haina nguvu mbele ya kadhi. Mtu akikiri deni huku upanga uko shingoni, deni halithibiti. Nami nasema, mila iliyoelezwa chini ya hofu ya namna hiyo haithibiti kwa maelezo hayo peke yake.

Jambo la tatu ni la haya. Weule ameeleza na kupiga picha ngoma za unyago wa wasichana. Alikuwa na kamera, alikuwa na mashine ya picha za sinema, na alikuwa na fonografu ya kunasa sauti katika nta. Mwanamume mgeni alisimama mahali ambapo wanaume wa mji wenyewe hukaa mbali, akatazama mambo ambayo kungwi humfundisha mwari kwa faragha, kisha akayapeleka Leipzig kwa kila mwenye kununua kitabu. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya An-Nur tusiingie nyumba za watu mpaka tutake idhini, na katika Sura ya Al-Hujurat ametukataza kupelelezana. Faragha ya wanawake ni nyumba, hata kama imejengwa kwa majani porini. Wale wasichana wa mwaka 1906 ni bibi za bibi zetu. Kijana anapoizungusha picha yao barazani na kucheka, ajue anamcheka nani.

Na jambo hili halikutokea kwetu tu. Huko Marekani, katika jimbo la Arizona, wako watu waitwao Wahopi, wenye ibada zao wanazozifanya katika vyumba vilivyochimbwa ardhini. Mwaka 1893 mmisionari wa Kimennonite, Heinrich Voth, alihamia kwao katika mji wa Oraibi, akaziandika ibada hizo na kuzipiga picha, hata zile zilizofichwa. Vitabu vyake vilisifiwa na wataalamu. Lakini Don Talayesva, Mhopi wa mji ule ule, katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa mwaka 1942, alimlaumu Voth kwa kujiingiza katika ibada zao bila ya ridhaa yao. Baadaye Wahopi walipiga marufuku kamera katika ibada zao. Sisi hatukubaliani nao katika itikadi, lakini katika madai ya kwamba mlango wa mtu ubishwe hodi, hoja yao ni hoja yetu.

Pamoja na hayo yote, uadilifu ni wajibu, na Sura ya Al-Maida imetuonya chuki isitutoe katika haki. Weule alikuwa na jicho kali. Alipomtazama mama anafinyanga chungu, mhunzi anafua chuma, mtu anapiga gome la mti mpaka liwe nguo, aliandika hatua kwa hatua, na aliustahi ustadi wa mikono hiyo. Aliwapa wenyeji kalamu na karatasi wachore wenyewe, akaichapa michoro yao. Na mwimbaji kipofu, jina lake Sulila, alimtaja kwa jina. Sulila angekuwa amesahauliwa leo, naye kwa sababu ya daftari lile tunamjua. Hilo ni jema, na mwenye kufanya jema husemwa kwalo.

Basi hukumu yangu juu ya kitabu hiki ni ya mafungu matatu. Alichokiona kwa macho yake katika kazi za mikono, kipokelewe, kwani hapo yeye mwenyewe ndiye shahidi. Alichoambiwa juu ya maana ya mila, kichukuliwe kuwa dhaifu mpaka kipate habari nyingine ya kukitia nguvu. Na anapohukumu akili na tabia za watu, akatazwe, kwani wataalamu wa makumbusho za Ulaya wakati ule waliwapanga wanadamu kwa ngazi na kujiweka wenyewe juu, naye hakusalimika na kiburi hicho. Lakini tukumbuke pia kwamba dhaifu si sawa na ya kuzuliwa. Habari dhaifu haitupwi jalalani. Huwekwa kando ikingoja shahidi.

Na shahidi atatoka wapi? Tunao mfano. Kabla ya Weule hajafika Lindi, mwaka 1903, kilichapishwa Ujerumani kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Aliyekiandika sehemu kubwa ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyesoma chuoni kama sisi tulivyosoma, kisha akaenda kufundisha Kiswahili mjini Berlin. Ameandika juu ya kuzaliwa kwa mtoto, chuo, jando, unyago, harusi, ngoma, pepo na mazishi, kwa Kiswahili, bila mkalimani. Husikii ndani yake mtu anayeshangaa. Unasikia mtu anayejua, anayetofautisha lililo la dini na lililo la ada, na anayejua lipi linatajwa kwa urefu na lipi linatajwa kwa ufupi.

Lakini tazama alilipwa nini. Jina lililowekwa mbele lilikuwa la Carl Velten, Mjerumani aliyekusanya na kufasiri. Mwaka 1905 Mtoro alipotaka kurejea nyumbani na mkewe wa Kijerumani, wakoloni hawakuwaruhusu kushuka pamoja, wakarudi Ulaya, na huko Berlin akafia mwaka 1927. Ilikuwa mwaka 1981, kitabu kilipochapishwa kwa Kiingereza katika tafsiri ya J. W. T. Allen, ndipo jina la Mtoro lilipokaa mahali pa mwandishi. Miaka sabini na minane msemaji wa kweli alikuwa nyuma ya pazia. Na Mtoro naye tumpime: yeye ni shahidi wa Bagamoyo na Uzaramo, si wa Ruvuma. Hawezi kutusemea sisi. Kazi hiyo imebaki mikononi mwetu.

Ndugu msomaji, hapa ndipo ninapotaka kufika. Huku kwetu wengi ni Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa asili, na Uislamu umeingia nyumbani kwetu bila ya kutufuta majina. Kanuni ya fikihi inasema kwamba ada huangaliwa katika hukumu madamu haigongani na sheria. Sasa tutaitenganishaje ada njema na iliyo mbaya ikiwa hatuijui ila kwa kitabu cha mgeni? Yumo katika mila zetu mafunzo ya usafi, heshima kwa wakwe na subira ya ndoa. Na yamo mambo ambayo Mwislamu hana budi kuyaacha. Mwenye kuyachambua awe mwenye kuyajua, asiwe mwenye kuyasoma Leipzig.

Kwa hiyo nausia. Kila nyumba iwe na daftari. Andika: habari hii nimeisikia kwa fulani binti fulani, katika mji fulani, tarehe fulani, naye aliisikia kwa mama yake. Mambo ya wanawake yaandikwe na wanawake, wabakiwe nayo wao. Lililo siri lisiandikwe, kwani amana nyingine kuihifadhi ni kunyamaza. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwauliza wazee habari za Majimaji, wakaandika majina ya waliosema. Na hiyo ndiyo njia. Mtafiti akija kwako, mkaribishe kama mgeni, mpe maji, kisha muulize: maneno yangu yatakwenda wapi, jina langu litakaa wapi, na nakala yangu italetwa lini? Akiwa mwungwana hatachukia.

Na wewe kijana, siku nyingine ukisema "imeandikwa kitabuni," mgeukie bibi yako umuulize yeye kasikia kwa nani. Yawezekana sanadi yake ni fupi kuliko ya Profesa, kwani kati yake na yule mwari wa mwaka 1906 pana mtu mmoja tu.

Wallahu aalamu. Wabillahi taufiki.